Nyimbo za Ndani na Jina Moja

Sogeeni, nina kesi. Sikuiita kitendawili, maana mtega kitendawili anakuwa na jibu lake mfukoni, na mimi langu sina. Nimeibeba tangu masika ya mwaka jana, imenichosha, leo nawatwika nyinyi.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Lindi, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Somoe binti Chilumba, kungwi. Kipaji chake ni kifua. Miaka hamsini amewafunda wasichana wa Kimwera, na nyimbo zote za unyago anazo kifuani, za nje na za ndani. Za nje huimbwa uwanjani, hata mwanamume akipita anasikia. Za ndani ziko kumi na moja, huimbwa mlango umefungwa, na asiyechezwa unyago hazisikii. Bi Somoe hajui kusoma wala kuandika, na hajapata kukosea mstari.

Wa pili ni Arafa Nampota, mwali wa Bi Somoe mwenyewe, aliyechezwa na mikono yake. Kipaji chake ni kalamu. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, na kwa miaka minne alikwenda kuketi na kungwi wake akiandika kwa mkono, kwa sababu Bi Somoe alikataa kinasa sauti. Wimbo mmoja alikaa nao mwezi mzima akiuliza neno hili limekujaje hapa, na lile la zamani lilimaanisha nini. Mambo ambayo hata waimbaji walikuwa wameyasahau, yeye aliyafukua.

Wa tatu ni Ndeshi Kimaro, mama wa Kichaga mwenye stesheneri karibu na soko. Kipaji chake ni vidole. Arafa alimpelekea madaftari tisa yenye mwandiko wa kuku, na Ndeshi akayasoma yote. Alichapa, akapanga marejeo, akamwonyesha hata mahali sura ya tano inapopingana na ya pili. Kompyuta ya Arafa ilipokufa na kazi yote tumboni, nakala pekee iliyochapwa iliyobaki duniani ilikuwa kwa Ndeshi.

Haya, pimeni wenyewe. Bila kifua hakuna nyimbo. Bila kalamu hakuna tasnifu. Bila vidole yangebaki madaftari ya kufungia vitumbua.

Sasa shikeni hili, maana ndipo kesi ilipoanzia. Kabla hajaimba wimbo wa kwanza wa ndani, Bi Somoe aliuliza, "Mwali wangu, karatasi hii itakaa wapi?"

"Kwenye kabati la chuo, somo. Lina kufuli."

"Na nani ataisoma?"

"Wasahihishaji watatu tu, wanawake, na wote wamechezwa."

Bi Somoe akaridhika, akaimba. Juu ya mchapaji hakuuliza, na Arafa hakusema.

Ndeshi ana binti, yuko kidato cha nne. Kuna mtandao mmoja una mitihani yote ya miaka iliyopita, lakini hautoi bure. Unakwambia weka kitu, uchukue kitu. Ndeshi akatazama ndani ya mashine yake, akaona faili kubwa kuliko yote, lile la Arafa, akaliweka. Akapata mitihani ya miaka kumi. Baadaye alisema hakudhani kuna mtu atasoma kurasa mia tatu za nyimbo, na mimi namwamini, kwa sababu hata wewe usingedhani.

Ila kompyuta ilikuwa yake, na mashine ina tabia ya kubandika jina la mwenyewe kwenye kila faili. Mtandao ukalisoma jina lile ukadhani ndiye mtunzi. Ukaigeuza kazi kitabu, ukakiweka kwenye duka lake la mtandaoni, ukakitia jalada la picha ya Wamasai wanaruka. Wamasai, jamani, kwa nyimbo za Wamwera. Chini yake wakaandika: Mwandishi, Ndeshi Kimaro.

Arafa hakujua kitu mpaka siku aliyoitwa na kamati ya chuo. Alikwenda amevaa kitenge kipya, akidhani anaitwa kupongezwa.

"Mashine yetu inasema kazi yako imefanana na kitabu kinachouzwa," mwenyekiti akamwambia. "Asilimia tisini na sita. Umemwibia huyu Kimaro."

"Kimaro ni mchapaji wangu."

"Kila anayeshikwa ana maelezo, binti."

Wakampa wiki mbili. Alete karatasi moja iliyosainiwa na wote waliohusika, na juu yake jina moja la mwenye kazi. Wenye duka la mtandaoni walipoandikiwa, nao wakajibu vilevile: leteni karatasi hiyo, tutamtii atakayetajwa. Arafa alilia njia nzima ya kurudi Lindi. Miaka minne ya maisha yake imekuwa ushahidi wa wizi, na aliyeibiwa, kwa maandishi, si yeye.

Siku ya mwisho wakakutana stesheneri, wote watatu. Ndeshi alimpa Bi Somoe kiti chake mwenyewe, akamwamkia shikamoo, akamfungulia ukurasa wa duka auone. Bi Somoe aliwatazama Wamasai kwa muda mrefu.

"Na za ndani zimo?"

"Zimo, bibi. Zote kumi na moja."

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Niandikeni mimi," akasema. "Maneno ni yangu, na ya walionifunda. Nikiandikwa, zinafutwa zote, dukani na chuoni."

"Somo, chuoni zikifutwa mimi sina shahada," Arafa akasema. "Nimekwisha."

"Wewe unaweza kuandika kitu kingine. Mimi nyimbo nyingine nitazitoa wapi?"

Arafa akajibu kwamba nyimbo hazikuwa tasnifu mpaka yeye alipozifanya tasnifu, kwamba maelezo yote yale hakuna kungwi aliyewahi kuyasema. Ni kweli tupu. Lakini Ndeshi akamuuliza jambo ambalo Arafa aliomba lisiulizwe.

"Na ukiandikwa wewe, chuo kitaifungia kabatini?"

Arafa akakiri. Kabati lilikwishaondolewa. Sheria mpya, kila tasnifu inayopita inawekwa kwenye tovuti ya chuo, asome anayetaka, bure.

"Na mimi?" Ndeshi akauliza.

"Chuo kinasema aliyeiweka mtandaoni atapelekwa polisi."

Ndeshi akafuta mikono kwenye khanga, ingawa haikuwa na kitu. "Basi niachieni mimi jina. Limekwishaandikwa. Nitaiondoa leo hii, bibi nyimbo zake zifungwe, na polisi hawana wa kumshika. Wa chuoni nao nitawaandikia waitoe kwao."

"Na mimi nitabaki mwizi," Arafa akasema. "Mpaka kufa, mwizi wa kazi yangu mwenyewe. Na wewe uliyeniibia ndiwe mwandishi."

"Nimekosa, dada Arafa. Sikatai."

Hapo Arafa akamgeukia kungwi wake, akitaka angalau hilo waafikiane, kwamba mwenye kosa anajulikana. Bi Somoe akamtazama kama anavyomtazama mwali aliyejibu vibaya.

"Huyu amechezwa?"

"Nani, somo?"

"Huyu mama. Uliyempa madaftari. Amechezwa?"

Arafa akatikisa kichwa.

"Basi mlango uliufungua wewe. Yeye amepita tu."

Ndeshi akainamisha kichwa. Arafa, niliyemjua tangu mdogo, hajapata kutoka kwenye sentensi ile hadi leo.

Karatasi ilikuwa mezani, na nafasi ya jina moja. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Arafa, kwa kuwa ndiye aliyekuja nayo. Ukurasa wa duka ulikuwa bado wazi kwenye kioo, na pembeni yake pana namba ya waliokwishanunua. Walipoanza kusemezana ilikuwa arobaini. Sasa ilisomeka arobaini na mbili.

Mimi kesi yangu inaishia hapo. Msiniambie wagawane, karatasi inataka jina moja. Msiniambie mkosaji ni huyu au yule, wote wamekosa na wote wametoa. Kifua, kalamu, vidole: kalamu ungekuwa nayo wewe, ungeandika jina la nani?

Semeni. Ila semeni upesi, kwa sababu duka lile halifungwi.