Aliyemo Ndani ya Machela

Uzito wa machela, yaulize mabega.

Mnacheka? Mnaitamka kama wimbo wa kuruka kamba, wala hamjui imetoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Mji wa Shungwi ulikuwa na Jumbe asiyeonwa na mtu. Kila mwaka alizungushwa mjini ndani ya machela yenye mapazia mekundu, akichukuliwa na watu wanne, na raia wote wakiinamisha nyuso. Waziri alitembea kando. Alitega sikio kwenye pazia, kisha akatangaza amri.

Chande alikuwa mchukuzi wa nyuma. Kila mwaka aliona machela imezidi kuwa nyepesi. Tena wakipanda kilima, kitu kikavu kilibingirika mle ndani, kikaja kugonga ubao karibu na sikio lake. Amwambie nani? Wenzake walihema na kuguna kama waliobeba jabali. Naye, kwa hofu, akaguna pia.

Mwaka huo waziri akatega sikio, akapaza sauti: "Jumbe amesema, watu wote wa bondeni wahamie nyikani kabla ya Ijumaa!"

Kule bondeni mke wa Chande alikuwa na kitoto cha siku nane, na nyikani hakuna maji mwendo wa siku tatu. Mtoto angefia njiani.

"Kaka Pazi," akamnong'oneza aliyekuwa mbele yake, "bega lako linauma?"

Pazi hakugeuka.

"Mwaka wa saba huu," akasema Pazi, "sijatoka jasho."

"Hata mimi," akasema wa upande wa pili. Wa nne akaanza kulia.

Lo! Kumbe wote walijua, na kila mmoja alidhani anajua peke yake.

Wakasimama. Wakaitua machela chini, mchana kweupe, katikati ya mji.

"Inueni!" waziri akafoka. Hakuna aliyetikisika. "Inueni, jamani, nawasihi!"

Watu wakaanza kuinua nyuso, mmoja mmoja. Upepo haukuwapo, lakini pazia lilicheza, na chini yake likabingirika fuvu lenye kilemba, likakoma miguuni pa waziri.

Bibi mmoja akauliza taratibu, "Basi aliyesema tuhame ni nani?"

Umati mzima ukamgeukia waziri.

Hakuhama mtu, wanangu. Uzito wa machela, yaulize mabega.