Mlango wa Nyuma ya Uzio

Wapendwa, palikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, wa darasa la watoto wa miaka minne na mitano. Mnawajua hao. Ukiwahubiria dakika tatu, mmoja amelala, mwingine anakula gundi. Basi Pasaka ilipokaribia, mwalimu akasema: hawa sitawahubiria, watajifunza kwa mikono yao. Akasimamisha maboksi makubwa yawe nyumba za Waisraeli, akachemsha bitiruti ili maji yake yawe damu, akafunga vishada vya majani wapakie. Akapika chapati kavu kumi na nane, moja kwa kila mtoto.

Jamani, walivyopaka! Walipaka milango, kuta, hata pua zao. Mwalimu akawasimulia jinsi penye damu mlangoni kifungua mimba wa nyumba ile alivyopona. Kisha akawafunga mikanda na kuwavalisha viatu, wale kwa haraka wakiwa wamesimama, kama watu wa safari.

Akagawa chapati. Ikabaki moja mkononi mwake.

Akahesabu vichwa: kumi na saba. Akahesabu tena akiwagusa mmoja mmoja: kumi na saba. Nyie mliowahi kupotelewa na mtoto sokoni, mnajua. Alikosekana binti mmoja mdogo, na nyuma ya kanisa palikuwa na shimo la choo kipya, halijafunikwa! Mwalimu akakimbilia huko, akachungulia huku akiomba asione kitu. Hakuona kitu. Mama wa mtoto yuko ndani anaimba, na ibada inakaribia kwisha. Atamwambia nini?

Ndipo akaona matone mekundu chini. Akainama, akanusa: bitiruti. Akayafuata hadi kwenye uzio wa michongoma, akapenya, akatokea kwa jirani.

Nyumba ile waumini wote waliijua, wala hakuna aliyeikanyaga. Alikaa humo dada mmoja aliyekuwa mwanakwaya. Alishika mimba nje ya ndoa, baraza la wazee likamtenga. Mwalimu mwenyewe alikuwa akiimba naye sauti moja, lakini tangu siku ile wakikutana bombani alimtikisia kichwa tu, akapita.

Na mtoto yupo, mzima, anapaka mwimo wa mlango kwa kishada chake, kopo la maji ya bitiruti liko miguuni pake. Mwenye nyumba amesimama kando, mwanawe begani, machozi yanamtoka.

"Unafanya nini huku?" mwalimu akafoka. "Unataka kuniua?"

"Mwalimu, huyu dada ana mtoto mmoja tu. Ni kifungua mimba, na hakuna aliyempakia."

"Usimgombeze, dada yangu," mwenye nyumba akasema. "Nimemwacha apake. Mwaka mzima hakuna mtu wa kanisa aliyenipigia hodi."

Mtoto akamnyooshea mwalimu kile kishada. "Mwalimu, huku juu sifiki."

Mara sauti ya mzee wa kanisa ikatoka upande wa pili wa uzio: "Mwalimu! Toka humo haraka! Watu wanatoka ibadani, watakuona!"

Nawauliza, ninyi mngefanya nini? Mwalimu alijua darasa anaweza kunyang'anywa, na yeye mwenyewe kuitwa mbele ya baraza. Akakipokea kishada, akapaka kizingiti cha juu kutoka pembe hadi pembe. Maji mekundu yakamtiririkia kwenye mkono wa blauzi yake nyeupe, akarudi nayo hivyo hivyo mbele za watu wote, amemshika mtoto mkono.

Wapendwa, sisi tumeisoma Pasaka miaka mingi. Tumesoma kwamba nyumba ikiwa na watu wachache kwa mwanakondoo mzima, basi wamtwae pamoja na jirani aliye karibu. Jirani! Lakini sisi tumepaka mlango wetu, tumeingia, tumefunga komeo, halafu tunachungulia dirishani tuone nani atapigwa. Je, hiyo ndiyo Pasaka? Mwalimu yule aliogopa kupoteza mtoto mmoja kwa dakika kumi, akakaribia kuzimia. Sisi tumempoteza dada yetu mwaka mzima, na usingizi tunaupata.

Leo mkitoka hapa, msiniambie mahubiri yalikuwa mazuri. Kila mmoja wetu anaujua mlango mmoja ambao ameacha kuubishia hodi. Chakula cha mchana kitangoja. Nenda kwanza.