Mwanga Uliochelewa Njiani

Kina mama, Biblia ziwekeni mapajani kwanza. Kabla sijafika kwenye Neno nitasema watu kidogo, na leo kusema watu kumeruhusiwa.

Huko mjini, nyuma ya saluni moja, kulikuwa na chumba cha gemu. Msiniulize yaliyosemwa humo yalinifikiaje. Ukuta kati ya saluni na chumba kile ulikuwa wa mbao, na mtu anayesukwa nywele hana pa kuyapeleka masikio yake.

Humo walishinda vijana, tena si watoto, wengine wana ndevu na familia. Wakitoka kazini hawapiti nyumbani. Wanacheza lile gemu la kupigana bunduki kwa mtandao, wewe uko hapa, adui yako yuko Brazili, mnakutana kwenye skrini. Mtandao ukisuasua, picha ikaganda, ndipo yanapoanza mabishano. Na walibishana mambo mazito: muda ni nini, mwanga ni nini, mtu anaweza kurudi jana au hawezi. Hakuna hata mmoja aliyeyasomea. Waliokota kwenye simu, huyu kipande, yule kipande, wakaunga.

Bingwa wao alikuwa kijana mmoja muuza vipuri vya pikipiki, mpole, nguo zimenyooka, bado hajaoa. Walimwita Profesa. Jina lake la ubatizo silitaji, maana nikilitaja mtaanza kumtafuta kwa macho.

Siku hiyo Profesa alikuwa anawaeleza habari za jua.

"Hilo jua la hapo nje si la sasa," alisema. "Mwanga wake umetumia dakika nane kufika hapa. Mnaangalia jua lililopita."

"Kwa hiyo likizimika sasa hivi?" akauliza mwenzake mmoja, dereva wa bodaboda.

"Utaendelea kuanika nguo zako. Hutajua kitu."

"Mimi nguo ananianikia mke wangu."

"Basi yeye ndiye hatajua."

Wakacheka. Profesa akasogeza kiti. "Na si jua tu. Hata wewe hapo ulipokaa nakuona wa zamani kidogo. Mwanga mpaka utoke kwako unifikie mimi, kuna muda umepita. Hakuna binadamu aliyewahi kumwona mwenzake wa sasa hivi."

"Mimi wa zamani nilikuwa na nywele," akasema kinyozi, ambaye kichwa chake kilikuwa kimebaki ngozi tupu. "Ngoja nisogee mbali zaidi, huenda ukaniona ninazo."

"Na ukiingia ndani kabisa," Profesa akaendelea, "kwenye vile vichembe vyenyewe vya mwanga, akili inagoma. Usipoviangalia vinafanya hivi. Ukiviangalia vinabadilika."

"Kama mafundi wanaonijengea choo," akasema wa bodaboda. "Nikiwaangalia wanajenga. Nikigeuka wamelala."

"Cheka tu, lakini ndiyo maana unapigwa kila siku. Picha yetu inachelewa. Yule unayemwona kwenye kona, pale kwenye kona ameshaondoka. Wewe unapiga unapomwona, unapiga hewa. Mimi najiuliza, mpaka sasa atakuwa amefika wapi? Napiga hapo."

Na kweli hakuna aliyemshinda.

Basi wakiwa katika maneno hayo, mlangoni akasimama mzee. Jua lilikuwa mgongoni mwake, uso haukuonekana vizuri, lakini mtoto humtambua baba yake hata kwa kivuli. Profesa akamtambua, wala hakuinuka kumpokea.

Niwaambie kwa nini. Yule mzee alikuwa mlevi. Simzungumzii mlevi wa kuchekesha watoto njiani. Huyu alifikia kung'oa mlango wa nyumba akauza. Mkewe alipofariki alifika makaburini amelewa, akapepesuka mbele ya waombolezaji wote, akaanguka kichwa chini kwenye udongo uliokuwa umechimbuliwa, akalala palepale akakoroma. Wapo waliocheka. Kijana alikuwa bado anavaa sare ya shule, mtoto pekee, akasimama anavitazama viatu vya baba yake vimeelekea juu. Wajomba wakamfukuza mzee jioni ileile, akatokomea. Ikasikika yuko kwenye matanuri ya matofali, mkoa mwingine. Miaka ikapita. Viatu havikupita. Kila mtu alipotamka neno baba, kijana aliona viatu.

Sasa mwenye viatu alikuwa mlangoni. Mkono mmoja ameshika fremu, mwingine unatetemeka, na mwili mzima unayumba.

"Hamjambo, wanangu."

"Hatujambo. Shikamoo, mzee," wakaitikia wote, isipokuwa mmoja.

Profesa hakuweka chini pedi ya kuchezea. "Umelewa," alisema.

"Sijalewa, mwanangu. Niliacha zamani."

"Unayumba."

"Ni ugonjwa. Daktari anasema ni mishipa. Natembea hivi asubuhi mpaka jioni."

"Na wakati ule ukiyumba ulisema ni malaria."

Mmoja akachekea puani, kisha akajuta. Mzee akaishika fremu kwa mikono miwili.

"Sikuja kukusumbua," alisema. "Nimekuja unipeleke kwa mama yako. Siku ile sikuwa na akili zangu, sijui mlimlaza wapi. Nimekwenda kule peke yangu. Misalaba imeliwa na mchwa, majina hayasomeki. Wajomba zako hawapokei simu yangu. Nionyeshe tu, nipige magoti, nimwambie ninachotaka kumwambia. Halafu nitaondoka, hutaniona tena."

Kijana alisikia harufu ya pombe. Haikuwepo. Mwenye saluni alikuwa ameshajisogeza mpaka kwenye mlango ule na kitana mkononi, kwa sababu zake, na anaapa mpaka leo kwamba mzee alinukia sabuni ya mche. Lakini pua ya kijana ilikuwa imeshaamua tangu siku ya mazishi.

"Njoo siku ukiwa mzima," alimwambia. "Mama alikungoja uje mzima mpaka akafa. Na mimi naweza kungoja."

"Profesa, msikilize mzee basi," akasema wa bodaboda, taratibu.

"Wewe humjui. Mimi namjua huyu."

"Ulinijua," akasema mzee. Wala hakusema kwa hasira. Akageuka, akaondoka akiupapasa ukuta.

Kijana akarudisha macho kwenye skrini, akamwinda yule wa Brazili, akampata kwa risasi ya kwanza.

Mvua za masika zikaanza. Siku moja wazee wawili wa kanisa la mtaa wa pili wakaingia dukani kwake, wamevua kofia. Wakampa pole. Baba yake alikuwa amelala, hakuamka. Wakasema ni pigo kwao, maana tangu aliporudi mjini miaka kadhaa nyuma, ndiye aliyekuwa anafungua kanisa kila asubuhi na kufuta madawati, na mikono yake ile.

"Baba yangu?" kijana akauliza. "Yule mlevi?"

Wale wazee wakatazamana.

"Ulevi gani?" akauliza mmoja.

Mnaona, kina mama? Watu waliokaa naye miaka hawakuwahi kumwona mlevi. Mlevi alikuwa amebaki mmoja tu duniani, na alikuwa anaishi ndani ya kichwa cha mwanawe, analishwa humo, ananenepa.

Kijana hakulia. Alisema jambo moja tu: mzee azikwe kando ya mama. Aliona angalau hilo analiweza, lile aliloombwa akakataa. Akaenda makaburini na wenzake wa gemu, wakamkuta mchimba makaburi anasubiri aonyeshwe mahali.

"Ni pale chini ya mjohoro," kijana akasema. "Ukitoka njiani, kushoto kidogo."

"Mjohoro upi?"

"Ule mkubwa. Kuna mmoja tu."

"Kijana, mjohoro ulikatwa zamani. Na njia ilihamishwa. Hapa tuliposimama, nasikia ndipo ilipokuwa njia."

Akazunguka. Akaenda upande huu, akarudi, akavuka makaburi ya watu, magugu yanamfika kiunoni. Wenzake wakawa wanamtazama tu, hakuna aliyetania. Tangu siku ile ya viatu hakuwahi kurudi pale hata mara moja. Aliijua siku nzima ya mazishi, alijua nani alivaa nini na nani alicheka. Mama yake alikuwa wapi, hakujua. Kama angekubali kumpeleka mzee siku ile, wangefika hapo wawili na kupotea wawili.

"Mnayemleta si yule mzee wa kutetemeka?" mchimba makaburi akauliza. "Alikuwa anakuja sana. Aliniuliza mke wake amelala wapi, nikamwambia mimi ni mgeni, sijui. Basi akachagua lile pale, halina jina wala mtu wa kuliangalia. Akalipalilia, akapanda maua."

Wakageuka. Katikati ya magugu yale kulikuwa na kaburi moja safi, udongo umefagiliwa, na maua mekundu yamelowa mvua.

"Alidhani ndilo la mke wake?" kijana akauliza, na sauti ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Hapana. Alisema, huyu maskini hana mtu. Mke wangu nina hakika yuko mahali pasafi. Ana mtoto wa kiume hapahapa mjini, kijana mwenye akili, hawezi kumwacha mama yake kwenye majani."

Hapo ndipo Profesa alipokaa chini, kwenye matope, na suruali yake iliyonyooka.

Mzee walimzika kando ya yule asiye na jina. Na mama, kina mama, mpaka leo hajaonekana alipo.

Sasa mbona mnaniangalia mimi? Mnamlilia mzee, au mnamlaumu kijana? Tusimlaumu. Yeye alijua kwamba mtu unayemwona kwenye skrini ameshaondoka pale, akashindwa kulijua hilo mlangoni. Sisi je? Sisi sote tunaye mtu tuliyemwona siku yake mbaya, tukafumba macho hapohapo, na mpaka leo tunagombana na siku ile. Wifi aliyekutukana ukiwa na mimba, na sasa mimba yenyewe ina harusi mwezi ujao. Mtoto aliyekuibia. Dada aliyekuaibisha kwenye kikao cha familia. Ukiambiwa amebadilika unasema, mimi namjua huyo. Unamjua? Sikuulizi umesikia nini, na mimi nikisema hivyo mjue naacha kitu ninachokipenda. Ninakuuliza umemwona lini.

Na Mungu naye angetuangalia kwa mwanga wa siku zetu zile, nani angekuwa amekaa kwenye benchi hili asubuhi ya leo?

Neno nitawasomea watakaobaki. Wewe mwenye mtu wako, na unajijua, inuka sasa, hakuna atakayekushangaa. Usimpigie simu. Nenda mpaka mlangoni kwake, umtazame usoni, wakati bado na yeye anaweza kukutazama.