Ndoo ya Mama Iliyojaa Mchanga

Wapendwa, kabla sijafungua neno la leo, naomba niwapeleke chuoni kidogo. Wengine mmesoma huko, wengine mmesomesha huko mpaka mkauza ng'ombe, kwa hiyo hakuna atakayepotea njia.

Kulikuwa na kijana mmoja mwanafunzi. Jina simpi. Nikimpa jina tu, kuna mama hapa atanisubiri mlangoni ibada ikiisha, aniulize kwa nini nimemsema mwanawe mbele za watu. Kijana huyu alitoka kwao milimani, Upare, akaenda kusoma Dodoma. Alikuwa na akili, hana ugomvi na mtu, na alikuwa mtanashati.

Sasa huo utanashati wake ndio ninaotaka tuutazame. Ukimwona anakuja, shati limenyooka, raba nyeupe hazina hata doa, nywele zimechongwa, kifua kimetuna. Ungesema baba yake ana viwanda. Kumbe nguo zote za mtumba. Siku ya kufungua marobota sokoni alikuwa wa kwanza kufika, anachambua rundo zima kabla wenzake hawajanawa uso, anatoka na shati moja ambalo akilipiga pasi hata wewe utamwuliza kalinunua duka gani. Na kila akipendeza, picha. Anaiweka kwenye simu, watu wanamwandikia, kaka umetoka bomba, tupe siri.

Siri yenyewe mnaitaka? Asubuhi alikunywa chai ya rangi na andazi. Mchana alipiga pasi ndefu. Naona wazee mnatazamana. Vijana hapo nyuma wanacheka, wao wanaijua vizuri. Pasi ndefu ni kuuruka mlo, unapita nje ya mgahawa kama mtu mwenye haraka, unaelekea maktaba, unakunywa maji mengi ili tumbo lisilalamike mbele za watu. Jioni yeye na mwenzake wa chumbani walisonga ugali, wakaula kwa dagaa na kachumbari ya nyanya moja. Halafu kijana anavua shati, anafanya mazoezi. Njaa inamuuma, lakini kifua lazima kitune.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza kulikuwa na ndoo.

Ilikuwa ndoo ndogo nyeupe yenye mfuniko, zile zinazokuja na rangi ya kupaka ukuta. Mama yake aliisugua mpaka ikatakata. Akaijaza mahindi aliyoyakoboa kwa mkono wake mwenyewe, maharage ya shambani kwake, karanga kwenye mfuko wa pembeni, magimbi mawili matatu juu. Akaifunga kwa kipande cha kanga yake kuukuu, akamkabidhi konda wa basi. Kijana akaenda kuipokea stendi. Siku hiyo pale chumbani ilikuwa siku ya makande.

Mpare na makande sihitaji kuwaeleza. Yalichemka mchana kutwa, mwenzake anauliza kila saa kama bado, na mvuke ukishajaa chumbani kijana alifumba macho. Alikuwa analiona jiko la kwao. Alimwona mama amekaa kwenye kigoda, anapuliza moto, anamwambia asogee moshi usimwingie machoni. Alikula sahani mbili, na ya pili aliila polepole kwa sababu hakutaka iishe.

Ndoo ikimalizika aliirudisha kwa basi lile lile, mama akaijaza tena. Lakini mnaijua desturi yetu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli lake halirudi hivi hivi. Unatia viazi, unatia sukari kidogo, ukikosa kabisa unatia chumvi. Kijana alilelewa hivyo. Kila alipoirudisha ndoo alitia vipande vya sabuni, majani ya chai, mara moja alitia hata kitambaa cha kichwa, na alijisikia mtu.

Basi, ukaja muhula mmoja kijana akaziona zile raba nyeupe. Sitamsema sana, nanyi mna vitu vyenu mliviona. Akazinunua. Wiki ile ile ndoo ikaisha makande, na mfukoni hana mbele wala nyuma.

Mwenzake akamwambia, "Ndoo ya mama si imekwisha? Basi linaondoka kesho, ipeleke."

"Nitaipelekaje tupu?"

"Tia hata chumvi."

"Chumvi? Mimi mwanachuo, nimrudishie mama yangu chumvi? Acha kwanza nipate kitu cha maana."

Akaisukuma ndoo chini ya kitanda. Kitu cha maana kikawa hakipatikani. Leo kuna viatu, kesho kuna sherehe ya kuwaaga wenzao na hawezi kwenda na shati la juzi. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Kadiri muda ulivyopita, aibu nayo iliongezeka, maana sasa hata sabuni aliiona haitoshi. Mtu amekaa na ndoo ya mama yake muda wote huo, arudishe na kipande cha sabuni?

Siku moja akaitafutia kazi. Hana hela ya kwenda kunyanyua vyuma na wenzake, kwa hiyo akaichukua ile ndoo, akaenda panapojengwa bweni jipya, akaomba mchanga, akaijaza mpaka juu. Ikawa ndiyo chuma chake. Anaishika mshikio, anaipandisha, anaishusha, jasho linamtoka. Mwenzake akampiga picha, kijana amesimama kifua wazi, ndoo iko miguuni imejaa. Picha ile ilipendwa kuliko zote.

Na bado, wapendwa, siku ya basi la kwao kijana alikuwa anakwenda stendi. Hana mzigo aliotumiwa, hakuna aliyempigia simu kwamba njoo upokee, lakini anakwenda. Anasimama kando, anatazama konda anavyoshusha viroba na maboksi, anasoma majina yaliyoandikwa kwa kalamu nene. Anawaona wenzake wanaitwa, wanasaini, wanajitwisha, wanaondoka wakicheka. Mzigo wa mwisho ukishashuka anangoja tena kidogo, labda kuna kilichobaki kule ndani. Kisha anarudi kwa miguu, na njia nzima anajiambia kwamba mama amemsahau. Aliumia sana, kwa sababu alimpenda.

Mtaniuliza, si walikuwa na simu? Walikuwa nazo. Kila Jumapili baada ya ibada mama alimpigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Unakula lakini?"

"Nakula, mama, usiwe na wasiwasi."

"Haya. Mimi nilikuwa nauliza tu."

Kila mmoja anangoja mwenzake aseme neno, kisha wanaagana. Mnaguna? Asubuhi hii hapo mlangoni nimewapa mkono mmoja mmoja, nikawauliza habari za nyumbani. Wote mmenijibu nzuri. Kuna nyumba humu hawajasemezana tangu Jumatano, lakini ni nzuri. Kuna mtu hapa amekuja bila kunywa hata chai, habari zake ni nzuri tu. Kwa hiyo huyu kijana tusimcheke, ametuiga sisi.

Likizo ndefu ikafika na chuo kikataka vyumba viachwe wazi. Ndoo haiwezi kubaki. Kijana akaumwaga mchanga, akaiosha, akaitazama. Alitamani angalau pakiti ya majani ya chai ya kutia ndani, hakuwa nayo. Akaivingirisha kwenye mfuko mweusi ili mtu asiione, akapanda basi, na safari nzima alikuwa anatunga maneno ya kumwambia mama.

Alifika kwao jua linashuka. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona aliuweka ungo chini, akamshika mwanawe mabega, akamtazama usoni, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mbuzi mnadani, akamkumbatia. Halafu akamwangalia mikononi.

"Ndoo yangu umekuja nayo?"

 Hata maji ya kunywa kijana hajapewa, anadaiwa ndoo. Akaitoa kwenye mfuko mweusi bila kumtazama.

"Ninayo, mama. Lakini ni tupu."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakutazama ndani. Akaingia nayo jikoni haraka haraka, na kijana akabaki amesimama uani na raba zake nyeupe. Kisha akasikia mlio anaoujua tangu utotoni, mahindi makavu yanamiminwa kwenye ndoo.

Akaingia jikoni. Kwenye pembe, juu ya kinu kilichofunikwa, kulikuwa na vifuko vimefungwa kwa vipande vya ile kanga kuukuu. Kimoja cha mahindi yaliyokobolewa, kimoja cha maharage, kimoja cha karanga. Mama amepiga magoti, anamimina.

"Mama, hivi ni vya nani?"

"Vya nani tena? Vyako. Vikianza kuingia wadudu tunavila sisi, nakutengea vingine. Dada yako anasema nazeeka vibaya. Nimekuwa nangoja ndoo."

"Ulikuwa unangoja ndoo?"

"Sasa mwanangu, ndoo haijarudi, si maana yake bado una chakula? Nilimwuliza konda mpaka akawa akiniona anajificha nyuma ya basi. Nikikuuliza kwenye simu, unaniambia unakula. Halafu dada yako akanionyesha picha zako kwenye simu yake. Umependeza, mpaka nilimwambia anionyeshe tena na tena. Na ndoo yangu nikaiona pale miguuni, imejaa pomoni. Nikasema, kumbe huko mwanangu ameshapata wa kumjazia. Nisimtie aibu na mahindi yangu."

Kijana alikaa chini, pale pale kwenye majivu, na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Ule ulikuwa mchanga, mama."

Mama aliacha kumimina. Akamtazama tena, na safari hii alikiona kilichokuwa chini ya lile shati. Aliona shingo ilivyokonda.

"Mchanga," alisema. "Kwa nini hukuniletea ndoo, mwanangu?"

"Sikuwa na kitu cha kutia ndani. Nitakurudishiaje tupu?"

Mama akakiweka kifuko cha mahindi chini. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ile ni desturi ya majirani. Mimi ni jirani yako?"

Wapendwa, yule kijana alilia. Na kifua chake chote kile, alilia jikoni kwa mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

Sasa tumwache, tusiendelee kumtazama analia. Tujitazame sisi. Ni wangapi humu tunakwenda stendi? Tunasimama kando, tunatazama wenzetu wanashushiwa mizigo, huyu amepata amani, yule amepata toba, yule ndoa yake imepona, na sisi tunarudi kwa miguu tunasema Mungu amenisahau. Nikuulize basi, na usinijibu mimi. Ndoo iko wapi?

Iko chini ya kitanda. Unasema nitakwenda kwa Mungu nikishaacha pombe. Nitaomba nikishapatana na mke wangu. Nitarudi kanisani nikiwa na kitu cha maana mkononi, siwezi kuingia hivi hivi, watu watanionaje. Mwaka unaisha, mwingine unaanza, na aibu inazidi kunona. Au umeijaza mchanga ili ionekane imejaa, umeinyanyua mbele za watu, umepigwa picha nayo, na kila mtu anakusifia uzito wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nakusifia. Halafu jioni unabaki na njaa yako, na Mungu akikuuliza habari, unamjibu nzuri.

Tumemfanya Mungu jirani, ndugu zangu. Tunamwogopa kama tunavyomwogopa yule mama wa nyumba ya pili ambaye bakuli lake likirudi tupu mtaa mzima utajua. Yeye ni Baba. Hajakaa anasubiri sabuni yako. Kile ulichotengewa kipo, kimefungwa, kiko kwenye pembe ya jiko, na kila kikitaka kuharibika anakutengea kingine. Mara ngapi amefanya hivyo kwa ajili yako, wewe hujui.

Tusimame. Aliyekuja na ndoo nzito, aimwage hapo hapo alipo, hakuna atakayegeuka kumtazama. Tumpelekee tupu.