Fisi Alivyouza Maji kwa Mifupa

Zamani wanyama walikuwa wakilima, na baadhi yao walilima vizuri kuliko sisi. Basi mwaka mmoja mvua ikagoma katika Bonde la Kiseru. Iligoma bila hata kuaga. Mahindi yakajikunja, migomba ikainama kama inatafuta kitu kilichodondoka, na mto uliozoea kuviringisha mawe ukabaki uzi wa maji. Uzi huo ndio ulioingia kwenye banio, pale juu mlimani, kwenye mwamba, mto ulipozibwa kwa mawe na kuwekewa lango la ubao. Kutoka hapo mfereji mmoja ulipita mashamba yote, hadi shamba la maharage la Bi Kanga, kule mwisho kabisa.

Mwanzoni walimwagilia kwa zamu, lakini zamu hazikudumu. Kiboko alisema anaingia mferejini kuosha kwapa tu, akalala humo mpaka alasiri, na maji kwa kuona haya yakarudi nyuma. Nyani walifungulia maji shambani kwao, wakaenda arusini, wakayasahau. Zamu ya Bi Kanga ilipofika, kilichomfikia kilikuwa tope na salamu.

Simba, mfalme wa bonde, akaitisha baraza. Simba alikuwa na kiburi kiasi kwamba hata akipiga chafya alingoja apigiwe makofi. Kiti chake cha enzi kilikuwa mfupa wa paja la ndovu wa kale, mnene kama gogo, uliosuguliwa na makalio ya wafalme mpaka ukang'aa.

"Maji haya yanachezewa kwa sababu ni ya bure," akanguruma. "Kuanzia leo yatakuwa na bei. Nimesema!"

"Bei gani, Mfalme?" akauliza Tembo.

"Nimesema yatakuwa na bei. Sikusema gani. Mambo madogo kama hayo msiniletee."

Hapo Fisi akasimama. Kwa miaka mingi alikuwa akipita nyuma ya jiko la mfalme, kwenye lundo la mifupa iliyobaki mezani, akiishia kuinusa tu, maana aliyegusa mfupa wa mfalme bila ruhusa alikuwa anageuka mfupa yeye mwenyewe. Siku zote alitafuta njia ya kulifikia lundo lile. Sasa njia ilikuwa imejileta na miguu yake.

"Ndugu zangu," akasema, huku akifuta mate, "mimi sina shamba. Sina hata tuta moja la mchicha. Nitawaibia maji niyapeleke wapi? Niwekeni langoni."

Wanyama wakatazamana. Kweli, Fisi hakuwahi kupanda hata boga.

"Na bei?" akauliza Bi Kanga.

"Mfupa. Mfupa mmoja, zamu moja. Nafungua lango, naanza kuguguna. Mfupa ukiisha, nafunga. Mwenye mfupa mnene apate maji mengi, mwenye mwembamba apate kidogo. Kuna haki kuliko hiyo?"

Sungura, ambaye kila alipoambiwa neno alilipindua kuona chini yake kuna nini, akainua sikio moja. "Na mfupa usipoisha?"

"Usipoisha lango haliguswi," akacheka Fisi. "Lakini mbele ya meno haya, mfupa gani huo, mpwa wangu?"

Simba akapitisha. Ila mifupa yote bondeni ilikuwa yake, na hakuwa wa kuitoa hivihivi. Akatangaza kwamba atakayetaka mfupa aje amsifu. Sifa fupi ilipata ubavu wa swala. Sifa ndefu yenye vina ilipata paja la nyumbu.

Na ajabu ni kwamba mambo yakatengemaa. Kiboko alipoambiwa kwamba kuosha kwapa kunataka kwanza kumsifu mfalme, akaona kwapa zake hazina tatizo. Nyani wakaacha kusahau lango, kwa sababu Fisi alikuwa pale juu, khugu, khugu, khugu, na mfupa ulipoisha alifunga. Maji yakafika mpaka kwa Bi Kanga, na maharage yake yakaanza kutoa maua.

Fisi naye akanawiri. Lakini kilichomnenepesha zaidi ya mifupa kilikuwa heshima. Waliozoea kuziba pua wakimwona sasa walipanda mlima asubuhi na mapema, wakasimama mstarini, wakasema, "Shikamoo, Bwana Fisi." Yeye aliitikia "Marahaba" huku mfupa ukiwa mdomoni, ikasikika kama mtu anayezama. Jioni alijinyoosha juu ya ubao wa lango akajiambia kwamba huenda ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya.

Tatizo lilikuwa mstari. Alipokuwa akiguguna mfupa wa kwanza, jicho lake lilikuwa kwenye wa pili, na mate yalimtoka kwa ajili ya wa tatu. Mfupa uliokuwa mdomoni ukaanza kumkera, kwamba kwa nini hauishi haraka, wenziwe wanangoja!

Siku moja Bi Kanga alifika na paja la nyumbu. Alikuwa ameshinda ikulu asubuhi nzima akisifu, mpaka sauti imekauka. Maana sifa nazo zilikuwa zimepanda. Zamani ilitosha kumwambia Simba kwamba nywele zake za shingoni ni kama jua. Kisha Twiga akasema ni kama majua mawili, Nyani akasema ni kama majua yote, na tangu siku hiyo sifa ya jua moja haikununua hata ukucha.

Fisi akafungua lango. Akaupokea mfupa, akautazama, akautupa kooni. Kop! Akafunga lango. Maji hayakuwa yamelowesha hata kizingiti.

"Bwana Fisi!" akalia Bi Kanga. "Hukuguguna!"

"Mfupa umeisha?"

"Umeumeza!"

"Sikuuliza umekwendaje, Bi Kanga. Nimeuliza, umeisha au haujaisha?"

Bi Kanga akatazama mdomo wa Fisi, akatazama tumbo lake. "Umeisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Anayefuata!"

Bi Kanga akashuka mlima, akiburura mabawa. Fisi alimtazama mpaka akapotea, akahisi kitu kinamchoma kifuani. Akadhani ni mfupa umekaa vibaya, akameza mwingine ili uusukume.

Kuanzia hapo ikawa kop, kop, kop, kutwa nzima. Wenye mashamba wakapeleka malalamiko kwa Simba, wakamkuta amefurahi kupita kiasi.

"Kwani kuna shida gani?" akauliza. "Mimi naona mambo yanakwenda vizuri. Sijawahi kusifiwa hivi tangu nizaliwe."

Na kweli, hakuna aliyekuwa akishika jembe tena. Wote walishinda kwa mfalme wakisifu, au langoni wakilia. Nyuma ya lango maji yalituama, mengi, ya kijani, yakisubiri mwenye mfupa.

Fisi hakujua yaliyopangwa chini huko, alikuja kuyasikia baadaye. Bi Kanga alikuwa amekwenda kwa Sungura akiwa hana hata machozi.

"Maua yanapukutika," alimwambia. "Vifaranga wanayaokota wanakula. Wakiyamaliza hayo, sina cha kuwapa."

Sungura aliinuka palepale. Alikwenda moja kwa moja ikulu, akainama mpaka masikio yakafagia sakafu.

"Mfalme, nimekuja na sifa ambayo haijawahi kutolewa. Lakini naona aibu kuitoa ukiwa umekaa."

Simba akakunja uso. "Kwa nini?"

"Kukaa ni kwa wanaochoka. Tembo hukaa. Kobe ndiye kabisa, amezaliwa amekaa. Lakini wewe tunayekuita jua! Mfalme, umewahi kuliona jua limevuta kiti?"

Simba akaruka kama aliyekalia siafu. "Ondoeni takataka hii! Nani aliyeiweka hapa?"

"Nikusaidie kuitupa, Mfalme?"

"Kaitupe mbali!"

Ndivyo mfupa wa kiti cha enzi ulivyopanda mlima siku ileile, Tembo mbele na Kiboko nyuma wakihema, na Sungura katikati akiwaelekeza bila kubeba kitu.

Fisi aliuona tangu mbali. Ulikuwa ukimeta juani. Machozi yalimtoka, kwanza mdomoni, kisha machoni. Mfupa huo alikuwa akiuota tangu akiwa mtoto, akiota unamwita kwa jina.

"Mfupa mmoja, zamu moja," akasema Sungura. "Unaupokea, mjomba?"

Sauti ndogo ndani ya Fisi ilimwambia autazame vizuri unene wake. Akaijibu kwamba amekwisha kumeza mingi, huu nao atajua la kufanya ukifika kooni.

"Lete!" akasema, akalivuta lango mpaka juu.

Akapanua mdomo kuliko alivyowahi kuupanua, akaukumbatia mfupa, akausukuma. Ncha yake nene ikapita meno ya mbele, ikapita magego, ikakwama. Akasukuma zaidi, haikwenda. Akavuta, haikurudi. Akarukaruka, na ncha ya pili ikanasa kati ya mawe mawili ya banio. Basi Fisi akabaki kama mlango uliowekewa komeo, na maji yakipita chini ya tumbo lake kwa kishindo.

Sungura akasogea akamchungulia mdomoni. "Umeisha, mjomba?"

"Nnngh!"

"Haujaisha. Lango lisiguswe!"

Mfereji ukajaa. Wanyama wakapiga vigelegele wakakimbilia majembe. Sungura akapanda juu ya jiwe. "Tulieni! Mwenye mfupa ni mimi, kwa hiyo zamu ni yangu. Sasa, kuhusu bei, kila shamba litaleta karoti…"

Bi Kanga akageuka akamtazama. Tembo akakohoa. Sungura akakunja masikio.

"Nilikuwa natania," akasema, akashuka.

Wakaanza na shamba la mwisho. Bi Kanga akasimama kati ya maharage yake, vifaranga wakikimbiza maji yanavyoingia tuta kwa tuta. Kisha shamba lililofuata juu yake, na lililofuata, na Fisi akiyaona yote kutoka pale mwambani bila kuweza kusema hata neno moja. Watu walewale wa shikamoo walimpita wakicheka. Mmoja alimtundikia kapu lake kwenye mfupa ili apate kunawa.

Siku chache baadaye Simba alipanda mlima, magoti yakimtetemeka, maana hakuwa amekaa tangu siku ile. Alipouona mfupa akasahau magoti.

"Fisi! Nani amekuruhusu ule kiti changu?"

"Nnngh! Nnngh!"

"Anasemaje?"

"Anasema kigumu kidogo, Mfalme," akajibu Sungura.

Simba akashika ncha moja, wengine wakashika kiuno cha Simba, wakavuta. Mfupa ukachomoka na magego mawili ya Fisi. Simba akautazama, akawatazama waliomzunguka, akatangaza kwamba jua limetua, akakaa. Alipoulizwa maji yagawanywe vipi sasa, akasema yeyote mwenye wazo aliseme haraka, miguu inamuuma.

"Maji yawe na bei," akasema Bi Kanga. "Yakiwa bure, Kiboko atarudi kulala humo. Lakini bei isiwe kitu cha kuliwa na mtu. Kila anayechukua zamu azoe tope kipande chake cha mfereji. Asiyezoa, maji yampite."

"Na Fisi?" akauliza Simba.

"Naye hunywa," akasema Bi Kanga. "Apewe kipande."

Akapewa kile Kiboko alichokuwa akilala. Asubuhi Fisi akashuka mferejini na jembe, mdomo wazi bado, kwa sababu taya zilikuwa zimekataa kukutana. Nzi waliingia wakatoka. Alichimba kwa hasira, kisha kwa uchovu, kisha akachimba tu. Kule juu mtu akafungua lango, na maji yakaja yakimkimbilia, yakampiga miguu. Akashtuka, akasimama. Kiangazi kizima alikuwa akiyauza maji yale, na hakuwahi kuyakanyaga.

"Kumbe ni ya baridi hivi," akasema.

"Ni ya baridi," akajibu Bi Kanga kutoka ukingoni. "Chimba."