Nyati na Maji Yaliyolala

Paukwa!

Pakawa!

Nyuma huko mmejibu kama mna njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na kilima. Juu ya kilima kulikuwa na kinamasi, kimejaa matete na tope. Chini ya kilima kulikuwa na chemchemi. Maji yake yalitoka taratibu: tiri, tiri, tiri. Hayakujaa, hayakukauka. Wanyama walikunywa kwa zamu, kiangazi hadi masika.

Mwaka huo Nyati alizaa ndama katikati ya kiangazi. Mama mwenye kunyonyesha ana kiu, akina mama mliopo hapa mnajua. Nyati akafika chemchemini, akakuta foleni. Kuna Swala, kuna Ngiri, kuna Kanga na wanawe. Akangoja. Tiri, tiri, tiri. Zamu yake ilipofika, jua lilikuwa limeshageuka, na ndama analia.

Nyati akapanda kilima kwa hasira. Akaona kinamasi. Maji, maji, maji! Lakini alipotia mguu, chubwi! Ukazama hadi gotini. Mnyama mzito hanywi pale.

Akasema, "Maji yote haya yamelala tu, na mwanangu anakufa kwa kiu."

Kichwa kikachomoza topeni. Alikuwa Bibi Kamongo, samaki anayeishi kwenye matope.

"Hayajalala, mwanangu," akasema. "Yanazama. Yanashuka ndani ya ardhi, yanapenya mchanga polepole, yanakwenda kutokea pale mnapokunywa."

"Mbona siyaoni yakipita?"

"Yanapita chini ya miguu yako."

Nyati akatazama miguu yake. Akaona vumbi. Akaenda zake.

Akaenda moja kwa moja kwa Mhanga, fundi wa kuchimba, mwenye kucha kama majembe. "Bwana Mhanga, nichimbie mfereji kutoka kinamasini mpaka chini."

Mhanga ukimwambia achimbe haulizi kwa nini. Akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Mfereji ukafika ukingo wa kinamasi, ukingo ukakatika, maji yakaja. Shwaaa!

Siku hiyo ilikuwa sikukuu. Foleni ikafa. Ngiri akaoga mara mbili, na nyinyi mnajua Ngiri haogi. Ndama wa Nyati akarukaruka majini. Wote wakamsifu Nyati. Hakuna aliyeuliza maji yanayopita yanakwenda wapi. Yalikuwa yanakwenda bondeni, huko mbali, yasirudi.

Juu kilimani, Bibi Kamongo akaona maji yanashuka mgongoni mwake. Akajichimbia ndani ya tope, akajifunika, akangoja mvua.

Mfereji ukapungua. Ukawa uzi. Ukakauka. Kinamasi kikapasuka kama chungu kibovu. Vidimbwi vya bondeni vikanywewa na jua. Wanyama wakarudi chemchemini, kichwa chini.

Tiri... tiri... ti.

Kimya.

"Chimba, Bwana Mhanga," Nyati akasihi.

Mhanga akachimba mpaka mkia ukapotea shimoni. Akatoka na vumbi puani. "Mama Nyati, mimi najua kuchimba," akasema. "Kutengeneza maji sijui."

Ikabidi wahame kufuata mto mkubwa, mwendo wa mbali. Nyati akamsukuma ndama kwa pua. Tembea, mwanangu. Ndama akatembea. Tembea, mwanangu. Akapiga magoti. Nyati akasimama juu yake kumpa kivuli, akasimama, akasimama. Ndama hakuinuka tena.

Nyati alilia, jamani. Kisha hakwenda mtoni na wenzake. Aligeuka, akarudi kilimani peke yake, akalamba umande, akatafuna mizizi. Kwa pembe zake akasukuma udongo ndani ya mfereji, akaukanyaga hadi ukaziba.

Mvua zikaja. Kinamasi kikajaa. Bibi Kamongo akatoka topeni. Nyati akateremka chemchemini: kukavu. Akapanda tena.

"Bibi, yako wapi?"

"Yako njiani."

Nyati hakubisha. Akangoja. Mvua zikakaribia kwisha, ndipo akasikia: tiri, tiri, tiri.

Mwaka uliofuata Nyati alizaa tena. Kiangazi kikafika, foleni ikapangwa. Ndama mpya akalalamika, "Mama, maji haya yanakawia."

Nyati akamlamba kichwa. "Yanakawia, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana yapo."

Basi, funzo ndilo hili: maji unayoyaona juu yametulia ndiyo unayokunywa chini. Ukiyaharakisha, utashiba leo, na kesho mwanao atalala na kiu.

Na mimi hadithi yangu naikomesha hapo. Mwenye kiu akanywe, aache kata safi.