Ufa Juu ya Wapasua Kokoto

Asiyengoja "ila" hungoja jeneza. Mmeisikia leo, mkacheka, na sasa mnauliza imetoka wapi. Haikutoka shuleni, wajukuu. Ilitoka kwenye machimbo ya mawe ya Kwemhanya, na chanzo chake ndicho hiki.

Palikuwa na nyapara mmoja, Semkiwa. Vijana wake walitoboa jabali kwa mashine, na chini ya jabali hilo wanawake walikaa kivulini wakipasua kokoto kwa nyundo. Mkewe, Mwantumu, alikuwa mmoja wao. Aliyewakalisha pale ni meneja, Bwana Lukindo, ili malori yapakie karibu. Ofisi yake mwenyewe aliijenga ng'ambo ya barabara. Wakubwa ndivyo walivyo, vumbi huwaachia wengine.

Siku moja Semkiwa akaona ufa juu ya jabali. Akatia kidole, kikaingia. Kesho yake akatia mkono, ukaingia wote. Mashine zikinguruma, changarawe zilichuruzika kutoka ufani zikaangukia mitandio ya wanawake, nao wakazikung'uta huku wakiendelea kupiga soga. Semkiwa aliyaona yote hayo.

Kuzima mashine au kuhamisha watu ilikuwa amri ya meneja peke yake. Nyapara aliyemtangulia alizizima kwa akili yake, akafukuzwa kabla jua halijasimama. Basi ilibidi aseme. Na Semkiwa alisema kama sote tulivyolelewa: unaulizwa habari, unajibu nzuri hata kama nyumba inaungua, ndipo unaleta ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Lukindo naye ni mzaliwa wa hapahapa, alilijua hilo. Lakini cheo kilikuwa kimemfundisha kusikia nusu ya mbele tu.

"Habari za kazi, Semkiwa?"

"Nzuri, mzee, ila..."

"Safi sana!" Mlango wa gari ukafungwa.

Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho. Nyumbani Semkiwa hakula.

"Kesho usiende," alimwambia mkewe.

"Nisiende mimi, wenzangu je? Niwaage nikisema nini?" Mwantumu akamcheka kidogo. "Mume wangu, mdomo wako humu ndani ni redio, mbele ya meneja ni kufuli. Mwambie yule mtu."

"Namwogopa."

"Na lile jabali huliogopi?"

Asubuhi jabali likalia. Si kishindo, ni mlio kama wa mlango wa zamani. Semkiwa akapiga kelele, "Tokeni!" Wanawake wakainua vichwa. Mmoja akasema, "Ametumwa na meneja?" Mwingine akajibu, "Thubutu! Tukitoka, kibarua cha leo kimeota mbawa." Wakabaki. Mashine nazo ziliendelea kunguruma.

Semkiwa akakimbia ng'ambo ya barabara, akausukuma mlango wa ofisi bila hodi.

"Jabali linaanguka! Zima mashine!"

Lukindo alikuwa na wageni, wanakunywa chai. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Semkiwa, hii ni ofisi au kilabu cha pombe? Hata salamu? Toka, ubishe hodi, uingie kama mtu."

Hapo ndipo woga ulipomshika Semkiwa miguu. Angeweza kumvuta kwa tai. Hakumvuta. Akatoka. Akabisha.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naam, hivyo ndivyo watu wanavyozungumza kazini. Habari za huko?"

"Nzuri, ila..."

Sakafu ikatikisika. Vikombe vikalia juu ya visahani. Kisha mashine zote zikanyamaza, na hakuna aliyezizima.

Wanawake waliokuwa pembeni walitoka, wengine wakitambaa. Mwantumu alitolewa jioni.

Siku ya mazishi Lukindo alifika na kanzu mpya. Watu wakampisha, maana mkubwa hupishwa hata pale alipostahili kufukuzwa. Akamshika Semkiwa mkono, na ulimi una mazoea yake, ukamponyoka:

"Habari za hapa?"

Semkiwa akamtazama usoni, na mtu angeapa kwamba woga wote ulikuwa umemtoka na kumhamia yule mwingine.

"Nzuri," akasema.

Akanyamaza.

Lukindo akabaki amekamata ule mkono, anangoja neno linalofuata. Siku hiyo alingoja. Hakwenda popote, hakusema safi sana. Neno halikuja.

Wakatoka wanaume ndani wamebeba. Mwanamke mmoja aliyenusurika, mkono wake umefungwa kitambaa, akamgusa meneja begani amwondoe njiani.

"Pisha, baba," akamwambia. "Unachokingoja ndicho hiki kinapita. Asiyengoja 'ila' hungoja jeneza."